Minyororo ya Kifaru cha Mkebe

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye nyumba za askari kule Jinja, mwanasesere wa dukani tulimwona kwa watoto wa wengine tu. Sisi tulichezea vifaru vya kivita. Ndiyo, hata wasichana. Kifaru kilitengenezwa kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, magurudumu kwa vizibo vya soda, na minyororo inayozunguka magurudumu kwa cheni kuukuu ya baiskeli. Aliyepata cheni alikuwa tajiri, na marafiki walimjia hata kutoka mtaa wa mbali wa Mpumudde.

Kazi yenyewe ilikuwa kuizeesha ile minyororo. Kifaru chenye cheni nyeusi ya grisi kilichekwa mtaa mzima. Tuliichemsha cheni kwa majivu itoke mafuta, tukailoweka kwenye maji ya chumvi na ndimu, kisha tukaianika juu ya bati mpaka kutu ikaja nyekundu kama udongo wa njiani. Mama akikuta kopo la chumvi tupu alisimama mlangoni akauliza, "Nani amemaliza chumvi yangu? Niko na watoto ama niko na ng'ombe?" Tulicheka mpaka mbavu zikauma, lakini mbali naye.

Baba alikuwa fundi wa vifaru vya kweli. Alirudi jioni akinuka dizeli, mikono myeusi, hadithi hazimwishi. Kisha jeshi likapunguza watu, naye akawa miongoni mwa waliorudishwa nyumbani. Tukahamia Mbale, mtaa wa Nabuyonga, na baba akanyamaza. Alikaa barazani tangu asubuhi, suruali imepigwa pasi, hana pa kwenda. Majirani walimsalimu "afande," naye aliitikia kwa kichwa tu. Mama alitukataza kelele. Mimi niliogopa ule ukimya. Nilidhani baba anatutoka hivihivi, akiwa amekaa palepale.

Siku moja nikachukua kifaru nilichotoka nacho Jinja, nikakiendesha barazani hadi kwenye kiatu chake. Nilitaka aseme chochote, hata kama ni kunifukuza.

Alikiinua, akakigeuza chini juu. "Nambozo," akasema, "hii kifaru yako ilikufa."

"Ilikufa namna gani, baba?"

"Minyororo iko na kutu mahali yote. Kifaru yenye inatembea, chini inang'aa, mawe inaisugua. Hii imelala kwa nyasi miaka mingi."

Alisema kweli. Vifaru tulivyovijua kwa karibu ni vile vibovu vilivyoachwa nyuma ya kambi, tulivyopanda na kurukaruka juu yake. Tuliviiga vivyo hivyo, tukidhani kifaru ndivyo kinavyopaswa kuwa.

Baba akaagiza kipande cha tofali na kitambaa. Akaketi sakafuni na suruali yake ile ya pasi, akaanza kusugua pingili moja baada ya nyingine huku akinieleza: kutu ibaki ndani, tope libaki kwenye maungio, ukingo ung'ae. Akasimulia tope la kaskazini alikowahi kupelekwa kazini, akawataja rafiki zake, akacheka. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama kumsikiliza mpaka malewa, yale machipukizi ya mianzi aliyokuwa akipika, yakaungua. Tuliyala hivyohivyo, na hakuna aliyelalamika.

Siku hizi mwanangu ananunuliwa vifaru vya plastiki vya kuunganisha. Ana kutu ndani ya chupa, tope ndani ya chupa, na simu ya kumfundisha kupaka tope bila kuchafuka. Akigusa udongo wa kweli anakimbilia sabuni. Lakini nisimseme sana, ana mkono mzuri, na nampenda hivyo alivyo. Juzi alimaliza kimoja, akaniletea mezani, akauliza kama kiko sawa. Nikageuka kumwita baba aje akikague. Nilikuwa nimeshafungua mdomo ndipo nikakumbuka kwamba tulimzika.