Mkaa Usioiva wa Bu Tarwiyah

Pale mtaani Pekalongan, mji wa batiki kisiwani Java ambako Bi huitwa Bu na Bwana huitwa Pak, Bu Tarwiyah alijulikana kwa mikono yake. Ilikuwa myeusi hadi viwikoni, na akienda arusini wenzake walimuuliza glavu kazinunua wapi. Mkaa wake haukuwa wa kuchomea mishikaki. Alichoma vifuu vya nazi ndani ya pipa lililozibwa, akavitwanga, akaviloweka kwenye siki iliyoyeyusha misumari yenye kutu, akavianika, kisha akavirudisha motoni mara ya pili ili chuma kishike. Mkaa huo ukitiwa pamoja na dawa kidogo kwenye maji machafu ya batiki, huila rangi yote. Mto wao, uliokuwa leo mwekundu kesho buluu, ulikuwa umeanza kufanana na mto. Tarwiyah alijivunia hilo, na nani angemkatalia?

Kosa lilianzia kwenye arusi. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Bu Zumaroh, alikuwa akimwoza binti, na kwa watu wale mwanamke akiitwa kumsaidia jirani kupika hana ruhusa ya kuwa na kazi nyingine. Siku hiyo pipa lilikuwa na saa moja tu kwenye moto wa pili. Lilihitaji saa nne, na mtu wa kuchochea kuni.

"Bu Tar! Mafenesi yanakusubiri, au leo unaolewa wewe?" Bu Zumaroh alipaza sauti kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Nakuja! Nachochea moto kidogo tu."

"Mjane na pipa lake! Mwisho utalilaza kitandani."

Akaenda. Alikatakata mafenesi machanga ya megono, chakula chao cha fenesi na nazi, mpaka mgongo ukamuuma, moyo wake ukiwa nyumbani, na kila alipotaka kuinuka aliona haya. Aliporudi, moto ulikuwa umekufa zamani.

Asubuhi akatia konzi ya mkaa kwenye bilauri ya maji. Chuma kikishika, maji hubaki maangavu. Haya yalitoka rangi ya chai. Alijua, wala tusimtafutie udhuru. Lakini Pak Khumaidi, mzee mtia rangi, alikuwa ameahidiwa mzigo asubuhi hiyohiyo, na matangi yake ya maji machafu yalikuwa yamejaa pomoni. Kumwambia mtu mzima "bado" kulimshinda. Akaimwaga ile bilauri, akapeleka magunia.

Siku tatu baadaye perege wa Bu Zumaroh wakaelea matumbo juu, bwawa zima, maji yakiwa na rangi ya kutu. Mfereji wa Pak Khumaidi unapita pale pale kando.

"Umetuulia samaki, mzee mzima!" Bu Zumaroh alifoka mlangoni kwa Pak Khumaidi, mtaa mzima ukisikia. "Unatudanganya eti unasafisha maji!"

Pak Khumaidi hakujitetea. Alivaa kofia yake, akabeba mchele na sukari, akaenda kuinama mbele ya wageni sebuleni kwa Bu Zumaroh, akaomba radhi, akasema atafunga karakana mpaka ajue alipokosea. Tarwiyah alikuwemo, ameshika kikombe cha chai. Alijiona mwizi, na bado hakufungua mdomo.

Wageni walipotoka, akamfuata Bu Zumaroh jikoni. "Bu, samaki wako nimewaua mimi. Mkaa haukuiva."

"Usiniambie."

"Nimeshakwambia."

"Basi meza! Nimemtukana yule mzee mbele za watu, sasa nikaseme nilikosea? Na moto ulizimika kwa nini? Si nilikuita mimi? Watasema arusi ya mwanangu ina mkosi. Meza, Bu Tar, nakuomba."

Akameza. Siku mbili hakula vizuri wala hakuwasha pipa. Siku ya tatu Pak Khumaidi akabisha hodi, kwapani ana daftari.

"Bu Tar, mkaa wako hauna neno. Mwenye kasoro ni mimi. Labda uzee, nimesahau vipimo. Nifundishe upya tangu mwanzo, usinichoke."

Angemtukana ingekuwa afadhali. Tarwiyah alihisi aibu ikimpanda mpaka masikioni.

"Mkaa ulikuwa mbovu, Pak. Nilijua kabla sijakuletea."

Mzee akafunga daftari taratibu. "Na nilipokuwa nimeinama pale sebuleni?"

"Nilijua."

Alilirudisha daftari kwapani. "Mimi nimeshasema kwa watu," alisema. "Sasa zamu yako."

Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mkeka kwa Bu Zumaroh wakichambua mboga. Alipomwona Tarwiyah anaingia, na mzee nyuma yake, Bu Zumaroh akatikisa kichwa, macho yakimsihi. Tarwiyah akapiga magoti katikati ya mkeka, akaeleza yote: pipa, bilauri, magunia, ukimya wake. Mmoja akauliza ilikuwaje auache moto upoe, mtu mwangalifu kama yeye.

"Uvivu wangu tu," akasema, wala arusi hakuitaja.