Glasi Niliyoirudisha Nkwenda

Niliondoka nyumbani Nyakakika kwa ajili ya binti yangu, Adventina. Kijana aliyemchumbia, Jovin, mwalimu wa sekondari, alitualika chakula cha jioni Nkwenda, wilayani Kyerwa, katika mgahawa mdogo ambao huingii mpaka uwe umeweka nafasi mapema. Wazazi wake wangekuwepo. Walitaka kuniona kabla ya kutaja siku ya harusi. Mke wangu ni marehemu, kwa hiyo upande wetu nilikuwa mimi peke yangu, na juma zima sikupata usingizi wa maana.

Mchana tulipanda bodaboda mpaka barabara kubwa, kisha gari la kuchangia. Adventina alinitengeneza kola njia nzima.

"Baba, ukiletewa chakula kidogo usiulize kingine kiko wapi."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo. Na usiwaite wahudumu kwa kupiga makofi."

Tulipofika Omurushaka tukabadilisha gari. Dereva aliponiona na koti katika joto lile aliuliza kama naenda kuapishwa. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nahesabu moyoni namna ninavyoweza kumwaibisha mtoto wangu, na kila nikifika mwisho nakuta nyingine.

Nkwenda tuliingia jua likizama nyuma ya migomba. Tuliacha mizigo nyumba ya wageni, tukatembea hadi kwenye mgahawa. Ilikuwa nyumba ya kawaida ya matofali, lakini ndani palikuwa na meza tano tu, mishumaa, na ukimya kama wa kanisani kabla ya ibada. Mzee Tibenda, baba yake Jovin, alinyanyuka kutusalimu. Ni mkulima wa kahawa, mrefu, sauti nzito. Mkewe alimkumbatia Adventina na kumwuliza habari za njiani. Mambo yalianza vizuri.

Chakula kilikuja kwa awamu. Kwanza supu, vijiko vitatu ikaisha. Halafu sahani pana nyeupe, katikati ndizi iliyopondwa, imekaa kama kichuguu, na kipande cha nyama juu yake. Adventina hakula. Aliisukuma ile ndizi huku na huku kwa uma. Nilielewa: kwetu mchumba hali mbele ya baba mkwe wake. Aliinamisha macho, nami nikaona fahari kwamba nimemlea.

Kisha mhudumu akaleta chupa ya divai. Mzee Tibenda alikuwa ameiagiza kwa heshima yangu. Yule dada akamimina kidogo, kwangu tu, akasimama kando akingoja.

"Karibu uonje, mzee," akasema.

Nikaitazama. Kwetu anayekukaribisha rubisi, pombe yetu ya ndizi, huonja kwanza mwenyewe, ndipo akupe. Hufanywa kila siku, hakuna anayeuliza sababu, ingawa sababu tunaijua. Mbele ya Mzee Tibenda palikuwa na maji. Mbele ya mkewe, maji. Jovin, maji. Chupa nzima ilikuwa yangu peke yangu. Nikaisogeza glasi kwa Mzee Tibenda.

"Mzee mwenzangu, anza wewe."

"Mimi situmii. Niliokoka zamani, nikaacha."

Hapo ningenyamaza, ninywe. Sikunyamaza. Nikasema, "Basi mama aonje."

Meza ya jirani wakaacha kuzungumza. Mama yake Jovin akaweka uma chini taratibu.

"Unadhani nimekuwekea nini humo?" Mzee Tibenda aliuliza.

"Sikumaanisha hivyo."

"Umemaanisha. Hata mimi ni mtu wa huku." Alikunja kitambaa chake. "Kama baba anaogopa kinywaji changu, binti atakula vipi nyumbani kwangu? Jovin, tuondoke."

Jovin alinitazama kama anayeomba nimsaidie. Nilikuwa nimetoka Nyakakika kumwoza mwanangu, na sasa namvunjia uchumba kwa mkono wangu mwenyewe.

Ndipo Adventina akainua macho. Akamtazama Mzee Tibenda usoni, jambo ambalo hakulifanya jioni nzima.

"Baba," akamwambia, "nyama yako hujaimaliza. Naomba."

Kisha Mzee Tibenda, polepole, akamsogezea sahani yake. Adventina akaila ile nyama, akaila na ndizi iliyobaki, mbele yake, mbele yetu sote, akapangusa mchuzi kwa kidole.

Mzee Tibenda akamwangalia mpaka alipomaliza. Kisha akamgeukia mwanawe. "Huyu atatumalizia shamba la migomba." Mkewe akaangua kicheko, na Jovin akaanza kupumua.

Nikanyanyuka nikaomba radhi, kwake na kwa mkewe, kila mmoja kwa jina la heshima. Nikainywa ile divai. Ilikuwa chachu.

"Njooni baada ya mavuno ya kahawa," akasema Mzee Tibenda. "Tutataja siku."

Asubuhi tulirudi. Gari lilikuwa na watu wachache, ukungu umelala mabondeni. Nilijifunza katika safari ile kwamba uoga wangu nilikuwa nauita malezi na tahadhari, na aliyeulipia ni mwanangu, kwa kula chakula ambacho heshima aliyofundishwa nyumbani ilimkataza kukila. Nilimwambia hivyo, nikamwomba msamaha.

Alifuta ukungu kwenye kioo cha dirisha.

"Nilikuwa na njaa pia, baba," akasema. Halafu akanigeukia. "Lakini siku ya harusi ukipewa glasi, unywe."