Udongo wa Kichuguu Juu ya Mawe

Shimo la dhahabu la Tiira lilinifukia, nikatolewa hai, ila mguu mmoja ukabaki mbovu. Mwenye shimo akahama, akatuachia rundo la mawe ya shimoni upande wa juu wa chemchemi yetu. Simung'unyi maneno: mkosaji ni yeye, na mwenyekiti wa kijiji aliyemfungulia njia. Kila mvua iliponyesha, maji yalipita ndani ya mawe yale yakashuka chemchemini mekundu, makali kama ndimu. Ukipika chai, maziwa yanaganda.

Mke wangu alikataa tuhame. Alibeba udongo wa kichuguu, akaanza kulisiliba rundo kama anavyosiliba nyumba, ili mvua iteleze isiingie ndani.

"Mama watoto, mawe nayo unayajengea?" nikamcheka.

"Baba watoto, kanyaga udongo. Mguu mmoja unatosha."

Nikakanyaga. Majirani wakaja kusaidia.

Mvua ya kwanza iliponyesha, maji yaliteleza vizuri, ila pahali pamoja udongo ukapasuka. Mke wangu akatupa leso yake juu ya ufa, akaukalia, analowa huku anacheka. Nikachechemea, nikaketi naye, tukauziba pamoja mpaka mvua ikaisha.