Mshono Kifuani mwa Punda

Niliondoka Tunduma kwa sababu ya picha moja. Ilionyesha punda mwenye jeraha refu kifuani, na kando yake mwanamume mwenye kofia ya pama, ameshika kamba, ametazama kamera kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Mwenzetu mmoja aliipiga gulioni Msangano akaitupia kwenye kundi letu la simu. Sisi ni majirani tisa tunaojitolea kupinga ukatili kwa wanyama. Hatuna ofisi, tunakutana kwenye duka langu la ushonaji, maana ndilo lenye viti. Niliisambaza picha ile kwa kila mtu ninayemfahamu na chini yake nikaandika: “Mtu kama huyu afungwe yeye kwenye mkokoteni.” Nakiri nilijisikia vizuri sana.

Picha ikafika hadi kwa mtendaji wa kijiji. Akaitisha mkutano Jumatano, siku ya gulio, mwenye punda ahojiwe hadharani. Ikionekana ni mkatili, anyang'anywe punda apewe mtu mwingine. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Sichone, alikuwa anaumwa mgongo. Akanituma mimi.

“Nenda ukaseme kwa ukali, dada,” aliniambia. “Tena wewe ndiye mwenye haki ya kukasirika. Mikanda umeshona wewe.”

Alikuwa na maana hii. Watu wengi huko Msangano, bondeni, humfunga punda nira ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu inayoizuia nira. Punda hana, kwa hiyo nira humchubua shingo mpaka nyama ionekane. Miezi mitatu nyuma tulipeleka Msangano mikanda kumi na miwili ya kifuani, ya turubai, ili punda avute kwa kifua na shingo ipumzike. Niliishona yote kwa mikono yangu. Sasa mmoja wa watu tuliowapa alikuwa amemjeruhi punda wake hata hivyo.

Jumanne, saa mbili asubuhi. Nilipata nafasi kwenye Fuso lililokuwa linakwenda kupakia mpunga. Dereva aliuliza naenda kufanya nini, nikamweleza. Alicheka mpaka akakosea gia.

“Nyie mnatetea punda. Sisi madereva atatutetea nani?”

“Na wewe una kidonda?”

“Kiuno hiki, mama. Kiguse uone.”

Sikukigusa. Baada ya kuacha lami tulianza kuteremka, na joto likapanda kadiri tulivyoshuka. Sweta nililovaa kwa baridi ya Tunduma nililivua, nikalikalia. Njia nzima nilikuwa napanga hotuba yangu, na kila tuta niliongeza neno kali.

Saa nane mchana, Msangano. Niliuliza nyumba ya mwenye punda, nikaelekezwa. Nilitaka picha zaidi za ushahidi kabla ya mkutano. Anaitwa Masanja, Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita. Kofia ilikuwa ileile ya kwenye picha.

“Karibu, mayu,” alisema, yaani mama, kama Wasukuma wanavyomwita mwanamke wa kuheshimiwa. Mkewe, Mama Limi, aliniletea kigoda, kisha ugali na maziwa ya mgando. Ni vigumu kumkaripia mtu ukiwa na tonge lake mdomoni, kwa hiyo nilikula kwanza.

Punda alikuwa amefungwa kivulini. Jeraha lilikuwa limepakwa samli. Nilipiga magoti, nikalitazama kwa karibu, na hapo nikaona jambo ambalo picha haikunionyesha. Lilikuwa limenyooka. Kidonda cha fimbo hakinyooki hivyo.

“Mkanda uko wapi?” niliuliza.

Mama Limi akautoa ndani. Kwa nje ulikuwa laini kama nilivyouacha. Niliugeuza. Upande wa ndani, mapindo mawili ya turubai yalikutana yakainuka kama tuta la jaruba la mpunga, na uzi wa nailoni ulikuwa umekakamaa juu yake. Nilipouweka kifuani mwa punda, tuta likalala juu ya jeraha, mwanzo hadi mwisho.

Miaka kumi na tisa nimewafundisha wanafunzi wangu kwamba mshono hauonekani, unafichwa ndani. Mvaa gauni hadhuriki, maana ndani kuna bitana, kitambaa laini kinachokinga ngozi. Punda hana bitana. Nilikuwa nimemshonea mnyama kama ninavyomshonea bibi harusi, nikaangalia kupendeza kwa nje, na kila mzigo aliovuta ulikuwa unamkata. Nilitahayari mpaka masikio yakawaka.

“Mzee Masanja, kwa nini hukusema?”

“Ulinipa bure, mayu. Nikuseme vibaya mbele za watu?”

“Mimi nilitaka tuugeuze,” Mama Limi akaingilia. “Akanikatalia. Ati tusiharibu kazi ya watu wa mjini.”

“Tuliambiwa nira basi, tufunge hiki,” Masanja alisema. “Nikafunga. Nikaona anaumia, nikaweka kitambaa. Kitambaa kikateleza. Wiki ya pili sasa simfungi kabisa. Maji tunabeba kichwani.”

Hotuba yangu yote ilikuwa juu ya mtu mwingine ambaye hakuwepo.

Jumatano, saa nne. Mkutano ulifanyika pembeni ya gulio, na watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Aibu ya mwenzako haihitaji kipaza sauti. Mtendaji alinikaribisha kama mlalamikaji. Nilisimama na mkanda mkononi, nikaugeuza ndani nje, nikawaonyesha mshono, kisha nikawaomba watu wawili waende wenyewe kumpima punda nao. Walikwenda. Walirudi wakitikisa vichwa.

“Kwa hiyo mkosaji ni nani?” mtendaji aliuliza.

“Ni mimi.”

Kijana mmoja nyuma alikuwa na simu mkononi. “Si ndiye huyu aliyeandika mtu afungwe kwenye mkokoteni?”

Watu walicheka sana. Nilisubiri wamalize, maana ilikuwa haki yao. Mtendaji akasema punda abaki kwa mwenyewe, apumzike mpaka apone, na kila aliyepewa mkanda aulete palepale. Ilikuja tisa. Niliketi nikaifumua mmoja mmoja, nikahamishia mapindo nje, yakaonekana yote, mabaya kama kovu. Punda wengine wawili walikuwa wameanza kuchubuka. Mwalimu Sichone alipiga simu akasema nimeivunja heshima ya kampeni. Nikamwambia hata punda wana maoni yao.

Nilichojifunza ni kidogo, ila nimekilipia: kabla ya kumtafuta mkatili, nimguse kwanza mnyama.

Alhamisi asubuhi, Masanja alinisindikiza barabarani. Njiani akazungumzia mkutano.

“Hapa wamekusikia, mayu. Lakini binti yangu, Limi, ameolewa kijiji cha Ruanda, mbele ya Mlowo. Wakwe zake waliiona picha wakamcheka. Tangu hapo hapokei simu yangu.”

“Nitampigia nimweleze.”

“Wewe si unarudi? Pitia huko. Waliocheka wakuone.”

Ruanda si njiani kwa mtu anayekwenda Tunduma. Nilipita Mlowo, nikaendelea, nikafika saa kumi jioni. Limi alikuwa anaanika kahawa na mama mkwe wake, mama mnene asiyependa kukatizwa kazi. Niliomba wanisikilize wote wawili. Nilieleza kila kitu: turubai, mshono, na maneno niliyoandika chini ya picha ya mtu nisiyemjua. Mama mkwe aliacha kuchambua buni. Akanitazama, akamtazama mkwewe.

“Mpigie baba yako,” alisema.

“Nitaanzia wapi, mama?”

“Piga tu.”

Limi alifuta mikono kwenye kanga. Simu iliita mara moja tu, ikapokelewa, kama mtu alikuwa ameishikilia. Limi akageukia ukuta, akauliza kwa sauti ndogo:

“Baba, punda anaendeleaje?”