Upande wa Kushoto wa Nusu Inchi

Mume wangu ni fundi cherehani, mwaka wa thelathini na mbili sasa. Wateja walimbandika jina la Nusu Inchi, kwa sababu ukinenepa nusu inchi tu anakugundua mlangoni kabla hujamaliza salamu.

Mabadiliko niliyaona mimi kwanza. Siku moja kichwa kilimuuma sana, akalala, akaamka akasema amepona. Lakini akawa anabakiza chakula upande mmoja wa sahani, kisha anaomba aongezwe. Akigonga mlango kwa bega la kushoto, anaulaumu mlango. Nikisema, ananijibu, "Mama watoto, wewe hata kivuli chako unakiogopa."

Kisha suruali ya mteja mmoja, mwalimu, ikarudi. Mguu mmoja umepigwa pasi ukanyooka, mwingine una mikunjo, na pini bado zimo kwenye pindo.

"Fundi, mimi nina miguu miwili," mwalimu alisema. "Nani kakwambia nina mmoja?"

Tukaenda hospitali kutafuta miwani, maana alidhani jicho la kushoto limechoka. Daktari alikuwa binti wa umri wa kitinda mimba wetu. Alimziba jicho moja, akachezesha kidole pembeni, akamziba la pili. Kidole kikiwa kushoto, hakukiona kwa jicho lolote.

"Baba, macho yako mazima. Jicho linapokea mwanga na kupeleka habari tu. Kuona ni kazi ya ubongo, huku nyuma, kisogoni. Damu ilikosa kufika hapo upande wa kulia, na huo ndio unaoona mambo ya kushoto."

"Miaka yote hii naona kwa kisogo?"

"Ndiyo, baba."

"Mbona sasa sioni giza?"

"Kwani nyuma yako unaona giza? Huoni kitu, basi. Tena ubongo haupendi tundu. Unachukua rangi ya jirani, unalijaza."

Mume wangu akapapasa kisogo chake. "Unatia kiraka kisichoonekana mshono. Huo ni fundi kuliko mimi."

Daktari alisema sehemu iliyokufa huenda isirudi. Ajizoeze kugeuza kichwa kushoto, na mkasi auache kwanza.

"Fundi asiyekata ni nani?" aliniuliza njiani. Nilitembea kushoto kwake, nikitazama magari.

Kesho yake asubuhi nilimkuta ametandika kitambaa mezani, mkasi mkubwa mkononi.

"Nageuza kichwa," akasema kabla sijafungua mdomo.

Aligeuza kweli, mara mbili, mara tatu. Kisha kazi ikamnogea kama zamani, kichwa kikatulia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshikilia kitambaa mbele ya mstari wa chaki, na mkasi ukawa unaufuata. Nikauvuta mkono ule. Mkasi ukajifunga pale kilipokuwa kidole gumba.

Hakunigombeza. Alikaa, akaupeleka mkono ule upande wa kulia, akautazama muda mrefu. Kisha akanisukumia mkasi.

"Kata wewe. Mimi nitakwambia pa kupita."

Mimi nimezoea kukata vitunguu na kucha za watoto. Nilikata hivyo hivyo, mgongo ukiniuma, nikimtazama yeye kuliko mstari. Nilipomaliza alifumba macho, akapapasa ukingo wote kwa kidole, taratibu, hadi mwisho wa kushoto.

"Umepinda hapa," akasema. "Anza upya."

Nikatandika kitambaa kingine.