Paa wa Korongoni

Leo buchani Buruburu nimesikia harufu ya damu mbichi, nikakumbuka siku baba aliponitoa Makongeni kwenda kuwinda kwao Ukambani. Tulizunguka asubuhi nzima bila kuona kinyesi wala alama ya kwato.

"Tuache kumtafuta," akasema baba. "Jua likichoma, atakuja mwenyewe kivulini."

Tukalala kifudifudi kando ya korongo. Paa alipotokea, mshale wa baba ulimpata tumboni, akaanguka akilia kwa sauti nyembamba. Baba akamkandamiza shingo, akanipa rungu.

"Mmalize, anaumia."

Nilifumba macho nikapiga. Pigo la tatu lilivunja kidole cha baba. Hakunigombeza.

"Fumbua macho, mama," akaniambia akihema, "upige tena."

Nikayafumbua, nikapiga.