Mchungaji Hesbon Makokha wa Saboti, Aliyehubiri kwa Kunong'ona

Alizaliwa Chwele mwezi wa Agosti 1961, siku ya soko, na wanawake waliomzalisha mama yake walisimulia kuwa kilio cha mtoto kilisikika hadi kwenye uwanja wa mnada. Wazazi wake, Wanjala na Nelima, Wakristo waliolima mahindi na maharagwe, walimwita Hesbon Makokha. Sauti ile ilikua pamoja naye. Alipotimiza miaka ishirini alikuwa dalali wa ng'ombe aliyejulikana Bungoma nzima. Akimsifu fahali upande huu wa soko, wanunuzi wa upande ule waligeuza shingo.

Mwaka 1984 alimuuzia mjane mmoja, Nekoye, ng'ombe aliyemsifu sana kwa maziwa, huku akijua vizuri kwamba ni tasa. Siku ya soko iliyofuata mama huyo alirudi. Hesbon alijiandaa kutukanwa. Nekoye alimshika mkono tu, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, Mungu amekupatia sauti mzuri sana. Mimi naombanga akupatie kazi ingine ya kufanya nayo."  Jioni hiyo kijana alimpelekea ng'ombe wake mwenyewe, mwenye ndama, akamchukua yule tasa, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Biblia mjini Kitale.

Aliwekewa mikono kuwa mchungaji mwaka 1989, akatumwa eneo la Kwanza. Huko alimpenda Gathoni, binti wa mzee Gichuki, mkulima aliyehamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri. Ndugu wa pande zote mbili walinung'unika kwa kuwa wawili hao hawakuwa wa kabila moja. Mzee Gichuki alimwuliza mkwe wake swali moja: "Mchungaji, huyu msichana husema ukweli hata kama hujaulizia. Utaweza?" Hesbon akajibu, "Nitazoea, baba." Walifunga ndoa mwaka 1991, wakajaliwa watoto watatu, na miaka minane baadaye wakahamishiwa Saboti, ambako mahubiri yake yalijaza kanisa mpaka watu wakaketi madirishani.

Mwaka 2004 koo lake liliota uvimbe. Madaktari waliuondoa, akapona, lakini sauti haikurudi. Alibaki na mnong'ono ambao mtu wa benchi la pili hakuusikia. Wazee wa kanisa walikutana ili wamstaafishe kwa heshima, naye Hesbon, aliyekuwa amelia siku nyingi, alikuwa tayari kukubali. Gathoni akasimama mbele yao: "Wazee, Mungu hakuchukua maneno yake. Amechukua sauti peke yake. Yeye atasema, mimi nitapaza." Ikawa hivyo. Kila Jumapili mchungaji alinong'ona na mkewe akatangaza, na washirika wakagundua kwamba mahubiri yamekuwa mafupi. Siku moja alinong'ona kwa muda mrefu, akipunga mikono, akifafanua. Gathoni alisikiliza mpaka mwisho, kisha akawageukia watu: "Anasema tupendane." Kanisa lote lilicheka, na aliyecheka zaidi ni mchungaji mwenyewe.

Jaribu kubwa lilikuja Machi 2013, wakati wa kiangazi kikali. Muchiri, mkulima wa Saboti, aliona ng'ombe wa majirani wakiivuruga chemchemi iliyokuwa kwenye mpaka wa shamba lake, akaizungushia seng'enge. Jirani yake Nyongesa alifika na vijana wenye mapanga ili aing'oe. Wana wa Muchiri nao walitoka na mapanga yao. Gathoni alikuwa Kitale siku hiyo, hivyo mchungaji alikwenda peke yake, akasimama kwenye seng'enge katikati yao, akaanza kusema. Midomo ilicheza, hakuna aliyesikia kitu. Hatimaye Nyongesa aliwakemea vijana wake: "Si mnyamaze bana, tusikie mchungaji anasema nini." Wakanyamaza, wakasogea. Wa upande wa pili pia walisogea, mpaka waliokuja kupigana wakawa wamegusana mabega. Ndipo maneno yakasikika: "Nimechoka kusimama. Nani ataniletea kiti?"

Muchiri mwenyewe alileta kiti. Mchungaji akaketi, akaomba maji ya kunywa, na Nyongesa akamchotea. Alipokwisha kunywa alimwambia kila mmoja aeleze shida yake, mwenzake akisikiliza. Kufikia adhuhuri walikuwa wamekubaliana: seng'enge ibaki kulinda chemchemi, na bomba literemshe maji hadi kwenye hori nje ya uzio, kila ng'ombe anywe. Wiki hiyohiyo walichimba mtaro pamoja. Wapo wanaosema mvua ilinyesha palepale. Muchiri hukana: "Mvua gani? Jua liliwaka tu." Lakini hata yeye hukiri kwamba waliosimama mbali kabisa, karibu na barabara, walisikia kila neno la mnong'ono ule.

Aliendelea kuhudumu hadi Oktoba 2022, alipolala katika Bwana nyumbani kwake, asubuhi, Gathoni akiwa amemshika mkono. Neno lake la mwisho lilikuwa asante. Katika maandalizi ya mazishi Muchiri na Nyongesa walibishana vikali, kila mmoja akidai kwamba ni fahali wake atakayechinjwa. Gathoni akaamua wachinjwe wote wawili, na waombolezaji waliotoka Chwele, Kwanza na Kitale wakala wakashiba.

Kanisa letu halina desturi ya kuwatangaza watakatifu, lakini tunamjua mtu wa Mungu tukimwona. Maji yangali yanateremka hadi kwenye hori, na familia zile mbili husafisha chemchemi pamoja kila Januari. Nasi tumwige. Tukikosana na jirani, kabla ya kukimbilia kwa chifu twende kwake, tuketi, tuombe maji ya kunywa, na tumsikilize mpaka amalize.